Wimbi Lililokataa Kusogea

Mtu asikudanganye kwamba usiku wa ncha ya dunia ni giza tupu. Kule Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo nyuzi 78 kaskazini, jua huaga mwishoni mwa Oktoba na kurudi katikati ya Februari, lakini anga yenyewe inang'aa. Kilomita kama 87 juu kuna tabaka la haidroksili (chembe za oksijeni na haidrojeni zilizoungana) lenye mng'ao ambao jicho halioni ila kamera inaunasa. Wimbi la hewa likipita hapo, hupiga mistari ya nuru na kivuli, mfano wa mchanga wa pwani maji yakishakupwa. Hayo ni mawimbi ya graviti: hewa iliyosukumwa juu, mvuto wa dunia ukairudisha chini, ikabaki inapanda na kushuka. Si yale ya Einstein, ya mtikisiko wa anga na wakati. Niliwahi kuyachanganya mbele za watu, hicho ni kisa kingine.

Usiku ule feni ya kuba ya plastiki inayofunika lenzi iligoma, barafu ikaanza kushika. Nikapanda darini, nikapangusa kwa glavu mara moja, huyo ndani kwenye kahawa.

Baada ya saa moja, lahaula! Mistari minne, sambamba, imekatiza anga. Nikapima: kilomita 12 toka mstari hadi mstari. Mwendo: sifuri. Mwenye akili zake angeshtuka hapo. Mimi nikafurahi zaidi, maana upepo ukigonga mlima huweza kuzaa wimbi linalosimama palepale, na Svalbard milima si haba. Nikabadili kichujio, nikatazama mng'ao wa kijani wa oksijeni, kilomita kama 96 juu. Mistari ileile, mahali palepale, haikupungua hata unywele. Nikaandika daftarini: "Wimbi lina nguvu za ajabu."

Saa nane usiku nikamwamsha profesa. Akaja na soksi tu, akakodolea skrini kimya, muda mrefu kiasi kwamba nilishaanza kutafuta kichwa cha makala.

"Kijana," akasema, "wimbi lako mbona lina dole gumba?"

Nikatazama. Pembeni mwa ile minne kulikuwa na mstari wa tano, mfupi, mnene, umejitenga kama umenuna.

"Hebu nione glavu yako."

Nikaurudisha mkono nyuma kama mtoto aliyefumwa akidokoa. Wapi! Vidole vyote vitano vilikuwa bado vimeganda barafu.