Pedali ya besi kwa mlio wa kizamani: zima blendi kwanza

Pedali ya ovadraivu ya gitaa la besi, yaani kifaa cha kukanyaga kinachoipa sauti mkwaruzo, ikisifiwa, cha kwanza kutajwa huwa ni nobu ya blendi, ile inayochanganya sauti safi na sauti yenye mkwaruzo. Kwa anayetafuta mlio wa miaka ya 60 na 70, mimi naiona blendi ni mkongojo tu. Ampeg B-15, amplifaya ya besi ya miaka hiyo, haikuwa nayo, wala SVT ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 1969 yenye wati 300. Sauti yote ilipita kwenye valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, ikakoroma kwa pamoja. Ukichanganya, unasikia vitu viwili: besi huku chini, nyuki huko juu.

Basi unapojaribu pedali, peleka blendi yote upande wa mkwaruzo, kisha piga uzi wa E bila kuubana. Noti hiyo ni hezi 41 hivi. Ikikonda, ujue pedali inapunguza besi kabla ya kukwaruza. Tube Screamer, pedali ya ovadraivu iliyobuniwa kwa gitaa la kawaida, haizikuzi sauti za chini ya hezi 720 hivi kama inavyozikuza za juu. Kupunguza kwenyewe si kosa, maana noti nzito ndizo zenye nguvu nyingi, na zikiingia zote kwenye daiodi, vile vipande vinavyoleta mkwaruzo, sauti inalegea na kuwa uji. Kosa ni kupunguza mno bila kurudisha baadaye.

Halafu shusha geini, nobu ya kiasi cha mkwaruzo, chini ya nusu. Ukigusa kwa upole sauti ibaki karibu safi. Ukikaza kidole, ikorome. Pedali inayokwaruza vilevile kwa mguso wowote haitakufikisha kwenye mlio huu, hata iwe na jina gani. Linganisha kwa ujazo uleule, pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kwa sababu sikio hudanganywa na kinachopiga kelele zaidi.

Wengi hurudisha pedali nzuri dukani kwa kosa la spika. Makabati ya zamani ya spika nane za inchi 10 hayakuwa na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na sauti za juu sana zilififia zenyewe. Ukichomeka pedali moja kwa moja kwenye mikisa, zile zilizokuwa zikimezwa na kabati zinatoka zote, kama nzi ndani ya kopo. Zima twita, au kata sauti za kuanzia kilohezi 4 au 5, na ushushe toni ya gitaa hadi nusu. Nyuzi bapa, zilizozungushiwa waya bapa badala ya wa mviringo, nazo husaidia sana.

Gitaa lako likiwa la betri, yaani lenye saketi ya kukuza sauti ndani yake, punguza sauti yake kwanza, la sivyo pedali itakwaruza muda wote. Na ukilazimika kutumia blendi, iweke katikati usikilize: besi ikipungua kuliko ilivyo kwenye ncha zote mbili, njia hizo mbili zinapingana mawimbi, na hakuna nobu kwenye pedali hiyo itakayoirudisha.