Bwawa Likipasuka: Kanuni ya Mwaka 1868 na Watu wa Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki kadhaa za mvua za masika, ukuta wa bwawa lililokuwa katika shamba la binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, ulipasuka na maji yakateremka kwenye makazi yaliyokuwa bondeni. Watu wapatao 48 walifariki, wakiwamo watoto. Mashtaka ya kuua bila kukusudia yalifunguliwa. Mwaka 2020 hakimu akawaachia washtakiwa kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea, kisha Mahakama Kuu ikaifufua kesi. Muda wote huo swali lililotawala mazungumzo lilikuwa moja: ni nani aliyezembea?

Katika jinai swali hilo haliepukiki. Katika madai ya fidia, hata hivyo, sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ina swali jingine linalotangulia, nalo ni hili: maji yale yalikuwa ya nani, na ni nani aliyeyakusanya pale kwa faida yake? Kanuni yenyewe ilizaliwa katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher. Tarehe 11 Desemba 1860, huko Lancashire nchini Uingereza, hifadhi ya maji iliyojengwa kwa ajili ya kiwanda cha Rylands ilibomoka kwa chini, kupitia mashimo ya migodi ya zamani, na maji yakafurika katika mgodi wa makaa ya mawe wa Fletcher. Rylands alikuwa ameajiri mhandisi na wakandarasi, na ilikubalika kwamba yeye binafsi hakuwa na uzembe wowote. Hata hivyo Jaji Blackburn, mwaka 1866, aliamua kwamba mtu anayeleta katika ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, akakikusanya na kukihifadhi hapo kwa manufaa yake, anakihifadhi kwa hatari yake mwenyewe. Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliuthibitisha uamuzi huo mwaka 1868, na Lodi Cairns akaongeza sharti kwamba matumizi hayo ya ardhi yawe si ya kawaida.

Wanaoipinga kanuni hii wana hoja nzito. Kesi ilipokuwa bado katika mahakama ya kwanza, Jaji Martin alisema kwamba kumtoza fidia mtu asiyezembea ni kumgeuza kuwa kampuni ya bima ya jirani zake. Hoja hiyo ina nguvu zaidi katika nchi kavu kuliko ilivyokuwa Lancashire, kwa sababu huku kwetu lambo au silanga ndiyo tofauti kati ya mavuno na njaa, na mkulima aliyemlipa mhandisi, akafuata ushauri wake na kukagua ukuta kila msimu anaweza kuuliza kwa haki kabisa ni nini zaidi alichotakiwa kufanya. Tena, maneno "matumizi yasiyo ya kawaida" yamewasumbua majaji kwa zaidi ya karne moja. Mahakama Kuu ya Australia, mwaka 1994, ilichoshwa na utata huo ikaamua kuifuta kanuni na kuyaingiza madai ya aina hii ndani ya sheria ya uzembe, ikisema kwamba wajibu wa uangalifu kwa mwenye kitu cha hatari ni mkubwa kiasi kwamba hawezi kuukwepa kwa kusema kazi aliifanya mkandarasi.

Ninaziheshimu hoja hizo, ila naona zinaisoma kanuni kana kwamba ni adhabu. Blackburn hakuwa akimwadhibu mtu. Alieleza kwa nini ajali za barabarani zinahitaji uthibitisho wa uzembe na mafuriko ya Fletcher hayahitaji: anayepita njia kuu huhesabiwa kuwa ameikubali hatari ya kawaida ya safari, kwa kuwa na yeye ananufaika na njia hiyo na yeye pia huwatia wenzake katika hatari ileile. Fletcher hakuikubali hatari yoyote. Hakushirikishwa katika kuamua hifadhi ijengwe wapi, wala kiwanda kile hakikumletea senti moja. Familia iliyolala bondeni mwa Solai ilikuwa katika hali hiyohiyo, na kwa kiwango kibaya zaidi, kwa kuwa Fletcher alipoteza mgodi tu. Bwawa la kilimo cha biashara humpa mwenyewe maji, mavuno na mapato kwa miaka mingi. Hatari yake hubebwa na walio chini. Kanuni haisemi bwawa lisijengwe. Inasema kwamba anayechukua faida aiweke na hasara ya kutoroka kwa maji katika hesabu zake, aikatie bima akiweza, na kama hesabu haikubali, basi bwawa hilo lilikuwa linaendeshwa kwa gharama ya majirani.

Kuna jambo la ushahidi ambalo wanaotaka turudi kwenye uzembe hulipita haraka mno. Ukuta wa udongo ukipasuka, ushahidi wa kwanza unaoondoka na maji ni ukuta wenyewe. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba udongo haukushindiliwa vya kutosha, kwamba njia ya kutolea maji ya ziada ilikuwa nyembamba, au kwamba mvujo ulionekana ukapuuzwa, wakati kitu anachotaka kukichunguza kimesambaa kilomita kadhaa mashambani. Michoro, kama ipo, iko katika ofisi ya mdaiwa. Waliouona mvujo ni vibarua wake, ambao riziki yao iko mikononi mwake. Mhandisi wa kutoa ushahidi wa kitaalamu hulipwa fedha ambazo mtu aliyepoteza nyumba na ng'ombe hana. Kumwambia mtu kama huyo kwamba haki yake inategemea kuthibitisha uzembe ni kumwambia, kwa lugha ya heshima, kwamba hatalipwa. Chini ya kanuni ya 1868 anathibitisha mambo machache ambayo kijiji kizima kiliyaona: maji yalikusanywa pale, yakatoroka, yakaleta madhara.

Mdaiwa naye ana utetezi, na ulio mkubwa kuliko wote ni ule wa kudra za Mungu. Mwaka 1876, katika kesi ya Nichols dhidi ya Marsland, mwenye maziwa ya mapambo yaliyofurika na kubomoa madaraja manne alinusurika kwa sababu mvua ile ilionekana kuwa ya ajabu isiyotarajiwa. Lakini mwaka 1917, katika kesi ya Greenock kutoka Scotland, Bunge la Malodi lilikataa utetezi kama huo likisema, kwa ufupi, kwamba anayezuia mkondo wa asili ajiandae hata kwa mvua kubwa. Msimamo huo wa pili ndio unaotufaa. Mvua za masika za 2018 zilikuwa kubwa, lakini masika hurudi kila mwaka, na El Niño tuliyoiona mwaka 1997 haikufutika katika kumbukumbu za mkulima yeyote. Mvua kubwa ndiyo hasa hatari inayolifanya bwawa kuwa kitu cha kuogopwa. Ikikubaliwa kuwa udhuru, kanuni itabaki kulinda watu siku za kiangazi peke yake.

Jambo linalonikosesha raha zaidi liko katika uamuzi wa Bunge la Malodi wa mwaka 2003 katika kesi ya Transco. Humo majaji walieleza kwamba kanuni hii ni tawi la sheria ya kero dhidi ya ardhi, yaani usumbufu unaomzuia mtu kuifaidi ardhi yake, na kwa hiyo inalinda haki za watu katika ardhi tu, na madai ya kifo au jeraha la mwili hayamo. Mtu anaweza kufuata mantiki hiyo hatua kwa hatua bila kuona kosa, hadi aipeleke Solai. Hapo sheria itampa jirani mwenye shamba lake fidia ya mahindi yaliyosombwa bila kumdai uthibitisho wa uzembe, kisha itamwambia mzazi kwamba kwa ajili ya mtoto lazima athibitishe uzembe. Na kwa kuwa kinacholindwa ni haki katika ardhi, kibarua anayeishi na familia yake katika kambi ya mwajiri, bila hati wala mkataba wa upangaji, huenda akaonekana hana hata mahali pa kuanzia. Hao ndio hasa wanaokaa chini ya mabwawa yetu.

Bahati nzuri hatufungwi na uamuzi huo. Sheria ya Mahakama ya Kenya inapokea sheria ya majaji wa Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania inaipokea ya tarehe 22 Julai 1920. Nchi zote mbili zinaipokea kwa kadiri tu hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu. Kanuni ya 1868 imo ndani ya tarehe zote mbili. Ufinyu wa 2003 umekuja baadaye, nao una nguvu ya ushauri tu. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilithubutu zaidi: mwaka 1986, baada ya gesi kutoroka kiwandani jijini Delhi, na jeraha la Bhopal, mji ambako gesi ya sumu iliua maelfu ya watu mwaka 1984, likiwa bado bichi, ilisema wazi kwamba kanuni ya karne ya 19 haitoshi, na kwamba kiwanda kinachofanya shughuli ya hatari kitalipa bila utetezi wowote wa zamani kukubaliwa.

Sidhani tunahitaji kufika huko kwa kila bwawa. Sharti la Cairns, pamoja na utata wake wote, lina kazi nzuri ya kufanya kwetu: lambo la kunyweshea ng'ombe au la bustani ya ukoo ni matumizi ya kawaida kabisa ya ardhi katika nchi kavu, na mwenye nalo astahili kuhukumiwa kwa kipimo cha uzembe. Hifadhi kubwa iliyo juu ya makazi ya watu ni jambo jingine, na bwawa la mabaki ya mgodi vilevile, kama lile la Mwadui, Shinyanga, ambalo ukuta wake ulipasuka tarehe 7 Novemba 2022 na tope likafunika nyumba na mashamba. Kwa mabwawa ya aina hiyo majaji wetu wanaweza, bila kusubiri Bunge, kushikilia kwamba maneno ya Blackburn kuhusu madhara yote yanayotokana na kutoroka yanahusu pia mwili na uhai wa mtu. Mwaka 1866 hakuweka neno lolote la kuvitoa.