Picha ya Babu Akiwa na Sare: Tusikimbilie Burma

Huku Kusini, picha ya kale ya mwanamume aliyevaa sare hupewa historia kabla haijatazamwa vizuri. Iwe imetundikwa Newala, Mtama au Mikindani, mwenye nyumba atakuambia kwamba huyo ni babu, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na alipigana Burma (Myanmar ya leo). Maoni yangu ni kwamba hayo ni madai matatu, kila moja linahitaji ushahidi wake, na kwa mikoa ya Mtwara na Lindi dai la jeshi ndilo gumu zaidi, kwa sababu majeshi yaliyopita katika ardhi hii ni mengi.

Vita vya Mjerumani, yaani vita vya kwanza vya dunia, vilifika kwetu mwaka 1916. Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipambana kwa siku nne na jeshi la Waingereza, ambalo lilikuwa na askari wa Keya pamoja na brigedi iliyotoka Nigeria. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Mwaka huohuo Waingereza walikiunda upya kikosi cha Keya ya 6 wakiwachukua pia watu waliokuwa askari wa Mjerumani, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuvaa sare za pande mbili katika vita hivyohivyo. Katika vita vya pili Keya ya 6 ilipigana Ethiopia mwaka 1941, ikapelekwa Madagaska mwaka 1942, nayo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma mwaka 1944. Baada ya Uhuru likaja jeshi la Tanganyika Rifles, kisha JWTZ kuanzia Septemba 1964. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walipata mafunzo Nachingwea, na familia zenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma zinajua kwamba kijana wao angeweza kupigwa picha akiwa na sare ya FRELIMO vilevile.

Basi tuanze na kichwa. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi ya kaki yenye kitambaa kinachofunika shingo, na mbele yake tai wa dola. Kofia pana, iliyokunjwa ukingo upande mmoja, inatuelekeza kwenye vita vya pili, na nembo ya kichwa cha kifaru ni ya Divisheni ya 11. Hapo ndipo neno Burma linapoanza kuwa na uzito. Tarbushi peke yake haitoshi, kwa kuwa polisi wa mkoloni nao waliivaa. Utepe wa medali unahitaji tahadhari zaidi, maana filamu nyingi za zamani zilitoa rangi nyekundu ikiwa nyeusi na buluu ikiwa imepauka, na anayezisoma rangi hizo kwa kubahatisha ataipa familia nishani ambayo mzee hakuwahi kuipokea. Kama medali yenyewe ipo sandukuni, itazameni ukingoni: zile za Waingereza za vita vya kwanza ziliandikwa namba na jina la askari, ilhali zile za vita vya pili kwa kawaida hazikuandikwa.

Hata hivyo, sare haitakuambia ni nani aliyeivaa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wamezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na yule tunayemwita babu pengine ni kaka yake bibi. Aliyezaliwa karibu na mwaka 1925 hakupigana Mahiwa, hata simulizi iwe tamu namna gani. Waulizeni wazee umri na undugu kwanza, tena kila mmoja peke yake, kwa sababu wakiketi pamoja mwenye sauti kubwa ndiye huamua. (Na nyuma ya picha pasomwe kabla ya kuibandika kwenye fremu mpya, mihuri ya studio imepotea hivyo kwa wingi.)

Wapo wanaosema kwamba jina likikosekana kwenye orodha za Waingereza, basi mzee hakuwa askari. Siwaungi mkono. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa waliokufa waliachwa kiasi hicho, aliyerudi salama kulima korosho asitarajiwe kuonekana kirahisi.

Picha iliyoko kwetu nimeiandikia hivi: mjomba wa mama, Keya, vita vya pili, batalioni haijathibitishwa. Baadhi ya ndugu wanataka Burma iandikwe kwenye kaburi lake. Mimi nimewaomba wangoje mpaka tupate nembo, barua au hati ya kuachishwa jeshi, kwa kuwa saruji haifutiki kama penseli.