Barua Pepe za Majaribio: Kuzizuia Zote au Kuzichuja?

Juni 2021, HBO Max, huduma ya filamu mtandaoni ya Marekani, ilituma kwa sehemu ya wateja wake barua pepe iliyosema tu kwamba ni kiolezo cha majaribio. Watu walicheka, kampuni ikasema ni kazi ya mwanafunzi wa mafunzo kazini, yakaisha. Sasa chukua mfumo wa ada wa shule binafsi hapa Dar es Salaam, tuseme Mbezi. Msanidi ananakili kanzidata halisi kwenye seva ya majaribio, yaani kompyuta ya kujaribia mfumo kabla haujatumika, anabonyeza kitufe cha kuwakumbusha wadaiwa, na wazazi wanaambiwa wanadaiwa ada waliyokwisha kulipa. Hapo hacheki mtu. Saa nne asubuhi foleni kwa mhasibu imefika getini.

Ndiyo maana wengi huamua seva ya majaribio isitume chochote. Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti, inaweza kuandika barua kwenye faili badala ya kuituma, na Mailpit, programu ya kujaribia barua pepe, huzinasa zote ukazisoma kwenye kivinjari. Ni rahisi, na unalala usingizi.

Lakini barua isiyotoka haijajaribiwa. Hujui kama Gmail itaitupa kwenye taka, wala kama jedwali la ankara litapasuka kwenye simu ndogo. Na mkuu wa shule hataki kuonyeshwa Mailpit, anataka barua iingie kwenye simu yake, leo, kabla hajaidhinisha malipo ya awamu ya pili. Msanidi akibanwa hivyo hukizima kizuizi “dakika tano tu”. Kwangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote: katazo lisiloacha upenyo halali huishia kuzimwa lote.

Upenyo huo ni kuchuja. Rails, zana nyingine kama Django, huiruhusu programu kuishika kila barua kabla haijaondoka, ikambadilisha mpokeaji au ikaweka perform_deliveries kuwa false, yaani barua isitumwe. Laravel, nayo zana ya aina hiyo, ina alwaysTo, inayozielekeza barua zote kwenye anwani moja. Ubishi unabaki kwenye orodha ya anwani: iwe ya wanaoruhusiwa au ya wanaokatazwa? Mlinzi aliyepewa majina ya wageni wa kuingizwa hafanani na aliyepewa majina ya wezi, maana huyu wa pili atamfungulia mwizi asiyemo kwenye orodha. Orodha ya wanaoruhusiwa ndiyo pekee ninayoikubali, na asiyemo asipate kitu.

Hata hiyo ina matundu. Msanidi hukagua mpokeaji mkuu akasahau nakala na nakala fiche. Sharti linalotafuta jina la kampuni popote ndani ya anwani hupitisha na anwani ya mtu baki yenye herufi hizohizo. Kibaya zaidi, kichujio hukaa ndani ya njia moja tu ya kutuma: msimbo unaoita moja kwa moja API ya mtoa huduma, yaani mlango wa programu kuwasiliana na huduma yake, haupiti hapo, wala SMS. Na seva ya majaribio ikiwashwa kwa mipangilio ya seva halisi, huenda kichujio kisipakiwe kabisa.

Wapo wanaosema tatizo si barua, ni kuwa na anwani za watu kwenye seva ya majaribio. Wana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na kuzibadilisha anwani zote ziishie na example.com, jina lililotengwa kwa mifano tangu 1999, ni kazi ya amri moja. Ningeanza na hilo. Ila kuna hitilafu zinazoonekana kwenye data halisi tu, na mteja naye huingiza anwani mpya kwa mkono wakati wa kujaribu, kwa hiyo kichujio bado kina kazi.

Kisiwe kufuli la pekee. Seva ya majaribio ipewe akaunti yake ya kutuma barua, yenye kikomo kidogo cha kila siku, ili kichujio kikishindwa zitoke barua kumi na si elfu. Na orodha iwe na mwenyewe. Kijana wa mkataba akimaliza kazi, anwani yake ifutwe siku hiyohiyo, la sivyo ataendelea kupokea ankara za shule asiyoifanyia kazi tena.