Waranti imeisha, haki ya mnunuzi je?

Mashine yangu ya kufulia hapa Leicester, Uingereza, ilianza kunguruma, chuma kwa chuma, kila inapofika hatua ya kukamua nguo. Ina miaka minne. Waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja, kwa hiyo imeisha zamani. Niliwaandikia walioniuzia, na jibu la kwanza likawa lile lile ambalo ningepewa kwetu Dodoma, Tanzania: waranti imekwisha, pole. Nikaandika tena, safari hii nikitaja Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 na kuambatanisha maelezo ya fundi asiye wa duka lao, aliyeona kuwa beringi zimekufa mapema mno kwa matumizi ya nyumba ndogo kama yangu. Wakakubali. Wamenirudishia sehemu ya bei, wamekata ile miaka niliyoitumia, na gharama ya fundi wamelipa wao.

Nilifurahi. Halafu nikakasirika sana, kwa sababu nilikumbuka friji ya mama yangu kule Nkuhungu, Dodoma.

Mama anagandisha barafu za ubuyu na ukwaju, anawauzia watoto wa shule. Friji kwake ni duka. Ile aliyonunua mpya, tena kwa fedha za kikoba, ilikufa kompresa mwaka mmoja na miezi miwili tangu itoke dukani. Akachukua kadi ya waranti yenye muhuri na risiti yake, akavitia kwenye bahasha, akaenda mjini. Kijana wa dukani akamwambia, "Mama yangu, mwaka umeshapita. Hapo tena huna lako." Kisha akamwonyesha kwa kidole maandishi ya chini kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Mama akasema ahsante mwanangu, akapanda bajaji, akarudi nyumbani. Hiyo ahsante ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Najua kuna watakaosema nimeanza, kakaa Ulaya kidogo tayari anatudharau. Jamani, sijasema Waingereza wana akili kuliko sisi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imechukuliwa kutoka kwenye sheria yao ya mwaka 1893. Nayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi iliyokusudiwa. Juu ya hiyo tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki alizonazo, na tuna Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji. Bunge lenyewe linaketi hapo hapo Dodoma. Sasa yale maandishi kwenye risiti ya mama ni nini kama si kumwambia kuwa hana haki ambayo sheria imempa?

Tofauti ninayoiona mimi ni moja tu: kitu kinatarajiwa kidumu muda gani. Hapa Uingereza waranti ni ahadi ya mtengenezaji, nyongeza tu. Haki yenyewe iko kwa muuzaji na haifi siku waranti inapoisha. Unaweza kumdai mpaka miaka 6, na Uskoti miaka 5. Haina maana kwamba kila kitu lazima kidumu miaka hiyo yote. Birika la bei ya chini halitegemewi hivyo. Swali linaloulizwa ni je, mtu mwenye busara angetarajia friji ya bei hii iishi muda gani? Miezi 6 ya mwanzo muuzaji ndiye wa kuthibitisha kuwa kitu kilikuwa kizima alipokiuza. Baada ya hapo mzigo wa ushahidi unakuja kwako, na ndiyo maana nilihitaji maelezo ya fundi. Kwetu swali hilo halifiki hata mdomoni mwa mtu. Tarehe ikipita kwa wiki moja, friji inahesabiwa kuwa imeishi umri wake.

"Lakini umeme wa huku unaujua mwenyewe." Naujua! Unakatika, unarudi kwa kishindo, na vyombo vinaungua. Sasa kama muuzaji anaujua umeme huo, na anajua hiyo friji haiuwezi bila stebilaiza, kwa nini hakumwambia mama siku anapokea fedha zake? Na kama kompresa iliuawa na umeme, fundi aifungue aandike hivyo. Mimi nitanyamaza na nitakwenda kugombana na TANESCO. Ila kuusingizia umeme kabla hata friji haijaguswa, hapana.

Mwingine atasema bei zetu ni za chini na wauzaji watafilisika. Bei za chini zipi? Mama alitoa akiba ya miaka. Na hakuna anayetaka arudishiwe kila senti. Hata mimi nimekatwa, na ni sawa kukatwa.

Kuna jambo moja ambalo mtu asinibishie, nalo ni mafundi wetu. Mdogo wangu alinitumia video ya fundi mmoja wa Majengo akiwa uani kwa mama. Alikata mrija wa shaba, akafunga kompresa iliyotoka kwenye friji nyingine, akachomelea, akavuta hewa yote, akajaza gesi, na sikio kalibandika kwenye bati akisikiliza mlio. Kesho yake barafu ziliganda. Hapa Leicester pipa la mashine yangu limefungwa kiwandani moja kwa moja. Ukitaka beringi unauziwa pipa zima, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Tangu Julai 2021 kanuni za huku zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wawe na vipuri kwa miaka 10, lakini zinawaruhusu kuuza beringi zikiwa pamoja na pipa. Yule fundi wa Majengo angelipasua lile pipa, angetoa beringi na kulifunga tena. Najivunia watu hawa kwa moyo wote.

Ila umahiri wao umegeuka kuwa kinga ya muuzaji. Kwa sababu fundi yupo na atafanya maajabu, hakuna anayerudi dukani kudai. Mama amelipa friji, amelipa kompresa ya mtumba, amelipa gesi, na aliyemuuzia kitu kibovu hajalipa hata nauli ya bajaji.

Halafu hizi risiti. Ukiuliza bei unaambiwa na risiti ni kiasi hiki, bila risiti kiasi kile, na wengi wetu tunachukua ile ya pili. Mama alichukua risiti halali ya EFD, ile ya mashine ya kodi, lakini karatasi zile zinafifia. Alipoitoa kwenye bahasha tarehe ilikuwa haisomeki vizuri. Ipige picha siku ile ile, ndugu zangu. Na ukilipa kwa lipa namba, usifute ujumbe wa muamala. Mimi huku nilionyesha taarifa ya benki tu ikatosha.

"Basi rudi uje udai mwenyewe." Hakuna haja ya kunisubiri. Mdogo wangu ameshaandika barua, ameambatanisha kadi ya waranti na maelezo ya fundi kuhusu kompresa ya kwanza, na anadai gharama za matengenezo. Nakala imekwenda Tume ya Ushindani. Dukani walikataa kuipokea mpaka aliposema hataondoka bila muhuri wao kwenye nakala yake. Wakaugonga. Jibu bado.