Moto wa kununua

Mwezi uliopita muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, alinifunga kile kitambaa cha kupimia tansio, yaani shinikizo la damu, akapuliza, akatazama saa, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Papa, jioni unakulaka nini?" Nikasema ukweli: friti. Ndugu zetu wa Dar wanaita chipsi. Akatikisa kichwa kama mtu ambaye jibu alikuwa nalo tangu nilipopita mlangoni. "Acha friti. Kula maharage, kula mboga, punguza chumvi." Nikamshukuru, nikatoka, na njiani nikanunua maharage.

Maharage yale yaliingia motoni saa kumi na moja jioni. Saa moja nikayaonja: mawe. Nikaongeza makala. Saa mbili watoto wakala bukari, yaani ugali, na mchuzi wa nyanya, wakaenda zao kulala. Maharage yaliiva saa mbili na nusu, na kwenye mbabula, lile jiko letu, kulikuwa na majivu tu. Nilipopiga hesabu, makala yalikuwa yamekula pesa nyingi kuliko maharage yenyewe. (Kwa wasomaji wa mbali: kwetu mkaa unaitwa makala. Basi leo mnasoma makala ya makala, mnisamehe.)

Tangu jioni ile siwezi tena kusikiliza mahubiri ya chakula cha haraka kwa masikio yale ya zamani. Tunaambiwa watu wa mjini wamekuwa wavivu, wanapenda vya kukaanga, wamesahau vyakula vya wazee. Mimi naona tofauti. Mtu wa Katuba anaposimama kwenye kona na kununua friti, kitu cha kwanza anachonunua ni moto. Viazi vinafuata. Moto umeshawashwa na mwenzake, umegawanywa kwa wateja hamsini, na yeye analipia kipande chake tu. Maharage yanataka uwashe moto wako mwenyewe, peke yako, saa tatu nzima.

Sisemi watu wa afya wanadanganya. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na kile kidonge cha mchuzi kinachofungwa kwa karatasi ya kung'aa kwa kawaida ni chumvi zaidi ya nusu ya uzito wake. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, wakati shirika hilohilo linatushauri tukiweza tubaki chini ya gramu 25 kwa siku. Hayo ni kweli na nimeyasikia. Shida ni kwamba ushauri wote unaanzia mdomoni, na hakuna anayeuliza jikoni kuna nini.

Njoo tusimame kwenye kona ya mama wangu wa friti. Meza yake ni mbao mbili juu ya matofali. Karai lake limekuwa jeusi nje na ndani, na pembeni kuna chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, ndiyo ya chumvi. Viazi anavikata mkononi, bila ubao, kisu kikija upande wa kidole gumba chake kwa namna inayonitia woga kila siku. Mafuta hayamwagwi. Yaliyobaki leo yanapoa, yanachujwa kwa kitambaa, yanarudi kwenye bidoni, na kesho anaongeza kidogo mapya juu yake. Ukitazama rangi unaona chai ya rangi, mwisho wa juma unaona kahawa, na povu linapanda bila kushuka. Ufaransa sheria inapima uchafu unaozaliwa na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi: ukifika asilimia 25, mafuta yanatupwa. Nilimuuliza yeye anapimaje. Akacheka. "Yakinikohoza, papa, najua yamekwisha."

Basi atupe mafuta kila siku? Faida yake yote iko ndani ya ile bidoni. Ukimlazimisha amwage, kesho yake hayupo kwenye kona, na mimi nitarudi kwenye maharage yangu ya mawe.

Tuongee basi juu ya makala yenyewe. Ukiamka mapema na kusimama kwenye barabara ya Kasenga unawaona: vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia hadi baiskeli yenyewe haionekani, wamelala kifua juu ya usukani kwenye kila mlima. Wanatoka porini, kwenye miombo, na pori hilo linarudi nyuma kila mwaka, kwa hiyo safari inarefuka na bei inapanda. Msimu wa mvua unapoanza, barabara za porini zinakuwa tope, gunia linapanda tena. Hapo ndipo unaona nyumba zinazopika mara moja kwa siku, na foleni ya friti inaongezeka.

Umeme? Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kule karibu na bahari, hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ipeleke nguvu kwenye migodi ya shaba. Nguzo zake zinapita juu ya vijiji ambavyo usiku ni giza tupu. Lubumbashi sisi tuna bahati, tuna nyaya hadi mlangoni. Kilichomo ndani ya nyaya ndicho tunachokingoja. Jirani yangu ana réchaud, jiko la umeme, nzuri kabisa. Ameiwekea kitambaa cha mezani na chombo cha maua juu.

Najua atatokea mtu aseme: mbona kuna vyakula vya haraka vya wazee? Lengalenga, yaani mchicha, inaiva dakika chache. Ndakala, yaani dagaa, vilevile, ukishaziosha na kuzikaanga kidogo na kitunguu na nyanya, umemaliza, na hizo unazila na mifupa yake, kalisi (kalsiamu) yote unaipata. Kalanga za kukaanga na ndizi mbivu unanunua njiani bila kusubiri mtu. Hapo nimebanwa, nakubali. Makala hayaelezi kila kitu. Kuna suala la heshima pia. Ndakala tumezipa jina la chakula cha mwisho wa mwezi, na mgeni akija unaona aibu kumwekea lengalenga tupu. Friti ni Jumamosi, ni msichana uliyemtoa matembezi, ni mtoto aliyefaulu mtihani. Na ni tamu. Ninyi mnaoandika mabango ya afya, andikeni na hilo, maana bango lisilokiri kwamba friti ni tamu halisomwi na mtu.

Hata huo ulaji tunaouita wa wazee una historia yake. Mji huu ulizaliwa 1910, ukiitwa Élisabethville, na tangu mwanzo tumbo lake lilikuwa mkononi mwa kampuni. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliwapa wafanyakazi posho, na unga wa mahindi ukawa ndio chakula, kwa watu ambao vijijini kwao walizoea pia mihogo, mtama na ulezi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, ikaendelea na unga huo. Bukari nyeupe ambayo leo tunaapa kwamba bila hiyo hatujala, iligawiwa kwa foleni. Halafu miaka ya 1990 kampuni ikaanguka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wanaume walirudi nyumbani, kina mama wakatoka barabarani na mabeseni: vitumbula asubuhi, michopo ya nyama ya kuchoma na friti jioni. Kwa hiyo ukiniambia chakula cha haraka kimeletwa hapa na televisheni ya Marekani, nitakupeleka Katuba ukaulize ni mwaka gani kila mama aliwasha karai lake.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi ya tansio yangu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo wenye umri chini ya miaka 5, 43 walikuwa wamedumaa. Nyumba ileile yenye baba wa tansio ina mtoto mfupi kuliko umri wake, na wote wawili wanakula kwenye kona moja. Mtoto huyo maharage yangemfaa kuliko mimi.

Basi nikaanza kuwa msumbufu. Nilijifunza kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji, na kweli saa nzima ilipungua. Nilijifunza kuuliza sokoni kama ni ya mavuno mapya, kwa sababu yaliyokaa ghalani kwenye joto yanakuwa magumu na hakuna moto utakaoyashawishi. Jirani alinishauri bikabonati. Inalainisha haraka, lakini inaua vitamini B1, nikaiacha. Na mwisho nilimwendea mama wa kona nikamwambia: wewe moto unao. Weka sufuria ya pili. Chemsha maharage mengi, uza kwa upawa, watu waende kuyaunga nyumbani.

Alinitazama muda mrefu. "Na makala utaleta wewe, papa?" Nikaleta. Nusu gunia, kwa pesa yangu, nikijiona mkombozi wa afya ya Katuba.

Jioni ya kwanza hakuuza hata upawa mmoja. Watu walichungulia sufuria, wakasema maharage wanakula nyumbani. Nyumba zao nazijua, hawayali. Jioni ya pili akafanya kitu ambacho mimi sikukifikiria. Akahamisha sufuria ikakaa ubavuni mwa karai, na kijana mmoja wa moto-taksi alipoagiza friti, yule mama hakumuuliza kitu: alimwagia upawa wa maharage juu, akaongeza pilipili na kitunguu kibichi. Kijana akala amesimama, akaomba tena. Waliomfuata wakataka kama yake.

Siku hizi sufuria inaisha kabla ya saa mbili. Friti zimepungua kidogo kwenye kila sahani, maharage yamechukua nafasi, na mimi nakula hapo mara tatu kwa juma. Muuguzi sijamwambia. Mayonezi bado yapo juu.