Mkaguzi aulize jenereta za dizeli zimewekwa wapi

Nimesoma habari hii ya wakaguzi kutazama zoezi la dharura kwenye kinu cha nyuklia Marekani. Wengi hapa mmeandika kwamba ni maigizo. Jamani, hapana.

Kumbukeni kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011. Tetemeko lilikata umeme wa gridi, jenereta za dizeli zikawaka kama zilivyopangwa. Kisha tsunami ikaingia, jenereta karibu zote zikazama kwa sababu nyingi zilikuwa kwenye vyumba vya chini. Mitambo ya nyuklia ilikuwa imeshazimwa, lakini fueli ya nyuklia huendelea kutoa joto hata baada ya kuzima, na bila pampu za kuipoza inayeyuka. Kwa hiyo mkaguzi anayeuliza "jenereta ziko kimo gani?" anaokoa watu.

Kule Marekani zoezi kubwa hufanyika kila miaka 2, na mpango wa kuhamisha watu unahusu takriban kilomita 16 kuzunguka kinu. Mimi niko Mwanga, Kigoma. Duara hilo likichorwa kutoka hapa linameza mji mzima pamoja na Ujiji. Nani angempigia simu bibi asiye na simu?

Maigizo hasa niliyaona kazini kwetu: tulifanya zoezi la moto, tukatangaziwa tangu jana yake. King'ora hakikulia, mlango wa nyuma una kufuli, mwenye ufunguo yuko likizo. Ripoti ikaandikwa "limefanikiwa". Iliniuma sana, maana kuna wenzetu wawili wanaotembelea magongo na hakuna aliyepangiwa kuwashika mkono.